Muulize Fundi: Injini umeiosha, umeikausha?

Wasomaji wangu habari zenu. Safari hii ukurasa wote nauachia jambo moja, maana maswali yake yamerundikana mpaka nikaona nisipoyajibu kwa pamoja ntakuwa najirudia kila toleo. Watu wanataka kuosha injini za magari yao, wengine wameshaosha na sasa wanahangaika. Barua nimezifupisha kidogo na majina nimeyaacha. Tuanze na aliyepata shida kubwa kuliko wote.

SWALI: Fundi shikamoo. Juzi nilipeleka gari kuoshwa nikamwambia kijana afungue na boneti, maana injini ilikuwa imejaa vumbi limegandana na oili. Akapiga mashine ya presha kila kona mpaka ikawa inang'aa, nikafurahi. Nikawasha vizuri tu nikaondoka, sijamaliza hata kilomita mbili gari ikaanza kutetemeka, kilimani haina nguvu kabisa, na ile taa ya njano ya injini ikawaka, saa nyingine inapepesa. Nikasema itajikaukia yenyewe, leo siku ya tatu hali ni ile ile. Je nimeua injini? (Mwenye gari ndogo ya petroli)

JIBU: Marahaba, na pole sana. Injini hujaiua, ila nakuomba gari hiyo uiache ilipo mpaka uitengeneze, usiendelee kuzunguka nayo.

Gari yako inamisi, yaani kuna silinda moja au mbili hazichomi. Sasa sikiliza inavyokuwa. Gari nyingi za petroli za miaka hii kila plagi ina koili yake, ile inayoikuzia umeme wa kutoa cheche, imekaa juu, na plagi yenyewe iko chini kabisa ndani ya shimo refu kuliko kidole chako cha kati. Mdomo wa hilo shimo umezibwa na raba ya koili. Raba ikiwa mpya inashika vizuri, lakini miaka ikienda joto linaikakamaza inapasuka pasuka, na presha ikipita pale maji yanajipenyeza yanashuka shimoni, yakishashuka hayana pa kutokea. Umeme wa koili ni maelfu ya volti na siku zote unafuata njia nyepesi, kwa hiyo badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi ndani ya silinda unapita kwenye maji unaishia kwenye chuma cha injini, cheche hakuna, petroli haiungui. Na ndio maana mwanzo iliwaka vizuri ukadanganyika, maji yalikuwa yametulia chini, injini ilipopata moto yakaanza kuwa mvuke, mvuke ukapanda ukalowesha koili yote kwa ndani.

Kwa nini usiendeshe? Ile petroli isiyoungua inatoka kwenye eksozi mbichi, inakwenda kuungulia kwenye katalitiki, ile tunayoita masega, na masega yakipata moto wa namna hiyo yanayeyuka. Taa ikiwaka imetulia ni taarifa, ikipepesa ndio inakwambia masega yako hatarini sasa hivi. Ukitoka hapo na masega mabovu utakuwa umebadilisha tatizo la maji kidogo kwa tatizo la kifaa cha bei kubwa.

Kuitengeneza siyo kazi ngumu. Zima, subiri ipoe, toa kava la plastiki la juu. Chomoa soketi ya waya ya kila koili taratibu, kile kilimi chake ni plastiki iliyokaushwa na joto, ukilazimisha kinakatika. Fungua boliti ya koili, nyingi ni spana namba 10, kisha izungushe kidogo huku na huku ndipo uivute. Nakumbuka gari moja ilikuja na malalamiko kama yako, nilipovuta koili ya silinda ya tatu ikatoa mlio wa kizibo cha chupa kinavyong'oka, na ncha yake ikatoka inadondosha maji ya kahawia, ya kutu. Nikamulika tochi shimoni, plagi siioni, naona mwanga wa tochi yangu unachezea juu ya maji. Nusu shimo. Na mwenye gari alikuwa ameendesha hivyo wiki nzima akiamini ni petroli mbaya.

Hapo kuna kosa moja nakuomba sana usilifanye, usifungue plagi kabla hujatoa maji. Ukiilegeza maji yote yanaporomoka ndani ya silinda. Kwanza puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani ya kazi, maana yatakurukia usoni na uchafu wake, au kama huna kompresa tumia bomba la sindano uunganishe na mpira mwembamba uyanyonye, halafu malizia na kitambaa kikavu ulichokisokota. Shimo likikauka ndio toa plagi, ifute, irudishe. Koili ifute, iache mahali pa joto la kawaida na hewa masaa kadhaa, usiibanike. Kagua raba yake kwa makini, ukiona kwenye raba au kwenye kauri ya plagi kuna mstari mweusi mwembamba kama umechorwa na penseli, hiyo ni njia umeme umejichimbia, itamisi tena hata ikiwa kavu, badilisha. Ukipata mtu mwenye mashine ya kusoma kodi, yaani namba za makosa zinazohifadhiwa na kompyuta ya gari, itakurahisishia, P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyo hivyo, na P0300 ni kwamba inamisi bila mpangilio. Yote yakiwa makavu na bado, basi nenda kwenye soketi za sensa moja moja uangalie kama kuna maji au vipini vimeanza kuota ukijani.

SWALI: Mimi bado sijaosha na naogopa, ila nataka nioshe mwenyewe nyumbani kwa mikono yangu. Nianze na nini, nifunike nini, nimalizie na nini? Naomba unieleze kama unamweleza mdogo wako. (Dada mwenye gari ya kwanza)

JIBU: Mdogo wangu, umeuliza kabla ya kumwaga maji, na mimi barua kama hii huwa inanifurahisha kuliko zote.

Kwanza joto. Injini isiwe ya moto na wala siyo lazima iwe baridi kabisa, ya uvuguvugu ndio nzuri maana grisi inalegea. Ukizima subiri nusu saa mpaka saa nzima, halafu weka kiganja juu ya injini, ukiweza kukiacha pale bila kukiondoa basi tayari. Eksozi ndio ya kuogopa, manifoldi yake, yale mabomba yanayoanzia kwenye injini, ikiwa kazini inafika nyuzi mamia, ni chuma cha kumimina, ukikimwagia maji ya baridi kinaweza kupasuka papo hapo, na ile sensa ya oksijeni iliyochomekwa pale ndani yake kuna kauri, nayo haipendi kushtuliwa. Tena sabuni ukiipaka kwenye chuma cha moto inakauka kabla haijafanya kazi inakuachia madoa.

Pili, kabla ya tone lolote la maji, safisha pakavu. Watu wengi wanairuka hii. Toa majani makavu yaliyojikusanya chini ya kioo cha mbele, pale kwenye waipa kuna matundu ya kutolea maji ya mvua, yakiziba maji yanarudi ndani ya gari. Angalia pia kama panya hajajenga, nshatoa viota vya panya vya matambara na nyasi juu kabisa ya eksozi, kitu ambacho siku yoyote kingeshika moto. Vumbi litoe kwa brashi laini. Penye oili nzito futa kwanza kwa matambara, usiiache iende na maji ikamwagikie ardhini, matambara hayo yatupe mbali na moto.

Betri sasa. Fungua nagetivu kwanza, ile nyeusi, ndipo pozitivu kama unaitoa kabisa. Ukianza na pozitivu huku nagetivu bado imeshika, spana ikigusa bodi tu ni moto na cheche, na betri inatoa gesi ya haidrojeni ambayo inalipuka. Kurudisha ni kinyume, pozitivu kwanza, nagetivu mwisho. Ila kama redio yako ina namba ya siri hakikisha unayo kabla hujafungua, na gari nyingine vioo vya umeme vitahitaji kufundishwa upya. Kama hilo linakutia wasiwasi, acha betri imefungwa, toa ufunguo, ifunike vizuri kwa mfuko wa nailoni.

Kufunika, funika altaneta, ile inayochaji betri, ina matundu ya kupoozea na ndani kuna waya za shaba na brashi za kaboni, maji yenye sabuni na grisi yakiingia mle beringi zake hazidumu. Funika mdomo wa kuvutia hewa na fileta kama iko wazi. Funika fyuzi boksi, kontrol boksi (kompyuta ya gari), na koili, na kama gari yako ina lile kava la plastiki juu ya injini liache hapo hapo, linakusaidia. Kijiti cha kupimia oili kisukume mpaka mwisho, kifuniko cha oili kikaze, na kifuniko cha mafuta ya breki nacho kikaze sana. Hili la breki siyo la kupuuza, mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya yanatakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230, yakishanyonya maji asilimia 3.7 tu kiwango kinashuka mpaka 155, na breki iliyochemka kwenye mteremko mrefu unakanyaga pedali inazama.

Na mifuko yako ihesabu. Sema nimefunga mitano, andika hata kwenye simu. Mfuko mmoja uliosahaulika ukivutwa na mkanda wa feni, au ukayeyuka ukagandana na eksozi, moshi wake utakufanya ufikiri gari inaungua.

Sabuni, tafuta ile ya kutoa grisi inayochanganyika na maji, na isiwe kali kupita kiasi, zile kali sana zinaunguza aluminiamu inabaki na mabaka meupe hayatoki tena. Anza kupaka chini upande juu, ukianza juu ile inayochuruzika inachora mistari pakavu. Iache dakika 3 mpaka 5, isikauke, ikianza kukauka nyunyiza maji kidogo. Kisha sugua, kona nyembamba tumia brashi ya kupakia rangi, ile shingo yake ya bati izungushie selotepu isikwaruze wala isigusanishe vyuma viwili vyenye umeme. Hapa usione uvivu, mkono na brashi ndio vinavyosafisha, maji kazi yake ni kuondoa sabuni tu.

Kusuuza tumia chupa ya kunyunyizia, au mpira wa maji uliofungua kidogo, maji yaanguke laini, kuanzia juu kushuka, na usimwage moja kwa moja kwenye ulichofunika. Rejeta usiipige kwa nguvu, zile nyavu zake ni laini zinalala, hewa haipiti. Kama ina wadudu na vumbi, mwagia taratibu kutokea upande wa injini kwenda mbele ili uchafu utoke ulikoingilia.

Ukifika hapo umemaliza nusu, na samahani kwa kukukatisha tamaa, nusu iliyobaki ndio kubwa. Barua ninazopata karibu zote ni za watu walioosha vizuri tu wakawasha wakaondoka. Toa mifuko, hesabu. Futa kwa kitambaa cha mikrofaiba kila mahali mkono unapofika. Halafu inama uangalie kwa macho, chungulia, mulika, utaona maji yamekaa kwenye vijibonde juu ya injini, kwenye shingo za boliti, nyuma ya soketi, ukigonga waya kwa kidole linadondoka tone. Hayo ndio ya kuyafuata. Puliza kwa hewa kutoka mbali kidogo, ile kompresa ndogo ya kujazia tairi inasaidia lakini ni ndogo sana, kipulizio cha majani ni kizuri mno kama unaweza kukiazima. Acha boneti wazi saa moja au mawili, kukiwa na jua ni bora zaidi. Ndipo urudishe betri uwashe, boneti ikiwa bado wazi, iache ingurume dakika 10 mpaka 15 hapo hapo ilipo huku unasikiliza. Mkanda ukilia sekunde chache mwanzoni ukanyamaza ni maji tu. Mngurumo ukiwa wa kuruka ruka, zima, kuna pahali bado pameloana, usilazimishe.

SWALI: Fundi unawatisha watu bure. Gari zinapita kwenye mvua na madimbwi kila siku mbona hazifi? Soketi zote zina raba za kuzuia maji. (Msomaji wa siku nyingi)

JIBU: Kaka, una hoja na nashukuru umeileta. Soketi za gari zimetengenezwa zistahimili maji, ndio, lakini maji ya namna gani? Mvua inakuja kutoka juu na boneti iko juu yake, madimbwi yanaruka kutoka chini na kuna makava. Presha inakuja kutoka popote kijana anapoelekeza. Fikiria tairi lako, ndani lina bar 2 na kidogo, bar ndio kipimo cha presha, na linabeba gari zima, mashine ya presha ya kawaida inatoa bar 100 na kuendelea. Ukiisogeza karibu, kile kiraba cha soketi kinainuliwa kinakunjwa, maji yanaingia, presha ikiondoka kiraba kinarudi kinafunga na maji yakiwa ndani. Kile kilichowekwa kuzuia maji yasiingie sasa kinayazuia yasitoke. Gari haifi siku hiyo, inakufa miezi minne baadaye kipini kikishaliwa na kutu, na hakuna anayekumbuka kuwa iliwahi kuoshwa. Mimi nimekutana na soketi hizo, ukizifungua unatoka unga wa kijani.

Kuna vifaa vimepimwa kwa kiwango kinachoitwa IP69K, ambapo vinapigwa maji ya nyuzi 80 kwa presha ya bar 80 mpaka 100 kutoka sentimita 10 hadi 15 na vinatakiwa vistahimili, vipo. Ila siyo kila soketi chini ya boneti yako ni ya kiwango hicho, na hata iliyokuwa ya kiwango hicho ikiwa mpya, baada ya miaka 15 ya joto raba yake siyo ile tena.

Na madimbwi usiyasifie. Maji yakifika kwenye mdomo wa hewa yakavutwa ndani ya silinda, maji hayabanwi kama hewa, pistoni inapanda inakuta ukuta, inapinda konrodi, ule mkono wa chuma unaoshika pistoni. Hiyo ndio injini iliyokufa kweli.

SWALI: Kwetu tunaoshea injini petroli, wengine mafuta ya taa, wengine dizeli kwenye chupa ya kunyunyizia. Inatoa oili vizuri mno. Kuna ubaya gani? (Dereva)

JIBU: Inatoa oili vizuri, sikatai. Ubaya ni kwamba unanyunyizia moto mahali penye cheche. Petroli inatoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa wewe unainyunyiza juu ya chuma chenye uvuguvugu, pembeni kuna betri, kuna stata, kuna altaneta. Mafuta ya taa na dizeli yanahitaji joto zaidi ndio yashike, dizeli huwa ni nyuzi 50 na kitu kwenda juu, lakini eksozi ina joto mara nyingi ya hapo, na ukinyunyizia kama ukungu yanashika kirahisi kuliko yakiwa kwenye ndoo. Nimemwona kwa macho yangu mtu ameungua mikono yote miwili, na ilikuwa ni nusu chupa tu ya petroli. Tafadhali acha. Waambie na wenzako.

Halafu mipira. Hozi za maji ya rejeta nyingi zimetengenezwa kwa raba ambayo ikinyonya petroli au dizeli inavimba, inalainika, inaanza kuteleza kwenye klipu. Na dizeli haikauki, inabaki utando, wiki ijayo vumbi lote la barabara limenasa pale pale na injini ni chafu kuliko mwanzo.

SWALI: Nina pikapu ya dizeli ya zamani. Mzee mmoja aliniambia nisimwagie maji pampu ya dizeli ikiwa inanguruma, nikaona ni imani tu. Kuna ukweli? (Mwenye pikapu)

JIBU: Mshukuru mzee huyo, ni kweli tupu. Pampu za zamani za dizeli ndani yake kuna vyuma vinavyozunguka au kupanda na kushuka kwenye nafasi ndogo kuliko unene wa unywele, na hiyo nafasi ndiyo inayofanya presha ipatikane. Ikiwa ya moto na inafanya kazi, ukiimwagia maji ya baridi ganda la nje linasinyaa haraka, cha ndani bado kimetanuka kwa joto, kinabanwa, kinakwama. Pampu imekufa hapo hapo na mara nyingine shafti yake inakatika. Zima, acha ipoe kabisa, na hii ya kwako nasema ipoe kabisa siyo uvuguvugu, ndipo uoshe kwa brashi na kitambaa.

SWALI: Gari yangu ni haibridi. Naweza kuosha injini kama wengine? (Mama wa watoto wawili)

JIBU: Mama, haibridi ni gari yenye injini na mota ya umeme pamoja, na ukifungua boneti utaona waya nene za rangi ya machungwa. Hizo ni za umeme mkubwa. Betri ya gari ya kawaida ni volti 12, haibridi nyingi zinabeba volti 200 na zaidi, na Toyota Prius ya kizazi cha pili betri yake kubwa ni volti 201.6, umeme wa kuua. Vifaa vyenyewe vimezibwa vizuri na mvua haivisumbui, lakini mpira wa maji na presha visikaribie hapo, na soketi za hizo waya za machungwa usiziguse wala kuzifungua. Kwa gari yako kitambaa kilichokamuliwa na brashi laini vinatosha, na hakikisha umeizima kabisa, maana haibridi ikiwa kimya haina maana imezima. Ufunguo uweke mbali.

SWALI: Unga mweupe na wa kijani kwenye vichwa vya betri nautoaje? (Kijana anayejifunza ufundi)

JIBU: Changanya baking soda vijiko viwili kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, hakikisha vifuniko vya betri vimefungwa, paka kwa mswaki wa zamani. Itatoa povu, ndio asidi inauawa hapo. Ikiacha kutoa povu suuza kidogo, futa pawe pakavu, paka grisi nyembamba au vaselini. Vaa glovu, unga huo usiushike kwa mikono mitupu.

SWALI: Nakwenda kukagua gari nataka kununua, nimetumiwa picha na injini inang'aa kama ya jana. Nifurahi? (Mnunuzi)

JIBU: Usifurahi bado, wala usimhukumu muuzaji, watu wengi wanaosha kwa nia njema tu gari ionekane. Lakini jua kwamba injini iliyooshwa asubuhi haiwezi kukuonyesha inavujisha wapi, ushahidi wote umeondoka na maji. Mimi nikikuta injini kavu yenye vumbi la kawaida naisoma kama kitabu, nikikuta inang'aa na hozi zote zimepakwa mafuta ya silikoni nakuwa sina cha kusoma.

Kwa hiyo mwombe muuzaji muendeshe gari kama nusu saa, ipate moto sawasawa, ikiwezekana urudi tena kesho yake baada ya yeye kuitumia. Laza boksi safi la karatasi chini ya injini usiku. Asubuhi toa tochi, angalia chini ya gasketi ya kava ya vali, hasa nyuma upande wa ukuta wa gari ambako mwoshaji hafiki, angalia pale injini inapokutana na giaboksi, angalia kuzunguka fileta ya oili. Oili mbichi kwenye chuma safi inaonekana haraka sana, ni utando unaong'aa wenye vumbi la kwanza kwanza limeanza kunasa. Harufu nayo isikilize, oili ikidondokea eksozi inatoa harufu ya kuungua hata kabla hujaona moshi. Pitisha kidole chini ya gasketi, kisha kifute kwenye karatasi nyeupe uone kimetoka na nini.